Barua Pepe za Binti wa Afande

Mlinzi wa ofisi yetu pale Mbale, upande wa viwandani, alikuwa askari magereza mstaafu aliyetumikia miaka mingi Jinja. Sote tulimwita Afande. Binti yake alikuwa ng'ambo akisomea uuguzi, na kwa kuwa Afande hakuwa na simu, binti alimwandikia kupitia barua pepe ya ofisi. Saa ya chakula nilimsomea, naye amesimama wima kama yuko gwarideni, kofia kwapani. Kisha alinitamkia majibu, nami nikayachapa.

Muda ulivyokwenda, kompyuta yetu ya pekee ikaelemewa. Ungeweza kubofya programu ya barua, ukaenda kununua chapati, ukarudi, bado haijafunguka. Bosi akaniambia, "Futa barua zote za zamani."

Nilipomweleza Afande, aliuliza, "Madamu, ukifuta, inaenda wapi?"

"Haziendi popote, Afande. Zinaisha."

"Basi ya mtoto hapana futa."

Nikamfungulia folda yake, nikahamishia humo kila barua ya binti na kila jibu la baba. Zile za ripoti na vipuri nilizifuta bila huruma. Ilibaki kuiamuru programu ibane folda zote, ili nafasi ya zilizofutwa ipatikane. Ilipokuwa katikati ya kazi hiyo, umeme ukakatika. Uliporudi, folda ya Afande ilikuwepo, lakini ndani hamna kitu.

Nilimwambia nikitazama sakafu. Yeye ndiye aliyenipa pole. "Mashine ni mashine, madamu." Lakini siku ile chai yake ilipoa kikombeni bila kuguswa.

Nikamwandikia binti yaliyotokea. Baada ya siku chache niliunganisha modemu kwenye laini pekee ya simu ya ofisi kama kawaida, barua zikaanza kuingia, na hazikukoma. Kumbe binti alikuwa amezitunza zote, akazirudisha moja moja. Bosi, aliyetaka kupiga simu Kampala, alichungulia mlangoni.

"Hiyo laini bado tu?"

"Bado, bwana. Ni barua za Afande."

Akaguna, akaondoka. Zilipomalizika nikamwita Afande, nikaanza kusoma. Ya kwanza haikuwa ya binti. Ilikuwa ya Afande mwenyewe: "Kama huko hakuna ugali wa wimbi, kula hata viazi vyao, lakini usikonde."

Afande akacheka hadi akatoa leso. "Mimi ndiyo nilisema hivyo?"

"Wewe, Afande."

"Na yeye aliweka?"

"Aliweka zote."

Alivuta kiti, akaketi. Sikuwahi kumwona akiketi ofisini. Nilipogeuka, bosi alikuwa amesimama nyuma yetu, ameegemea kabati, simu yake ya Kampala ameisahau.

"Soma nyingine," akasema.