Nguo za Ndani Kwenye Waya wa Mbele

Mama mkwe wangu alikuwa na mahali pawili pa kuanika nguo, na kwa ajili ya hapo pa pili nilipigana naye zaidi ya mwaka. Mbele ya nyumba, upande unaotazama ziwa, kulikuwa na waya mrefu uliofungwa kwenye nguzo mbili za chuma. Jua lilipiga hapo tangu asubuhi, na upepo wa ziwa ulipita bila kuzuiwa na kitu. Waya ule ulikuwa wa nguo za heshima: mashati ya mume wangu, ambaye ni mwalimu, mashuka, na vikwembe, yaani vitenge, vya kwenda navyo kanisani. Nguo za ndani zilipelekwa nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, zikatandazwa juu ya ua wa majani na kufunikwa kikwembe kikuukuu. Njia ya kwenda sokoni inapita mbele kabisa ya nyumba yetu, na mama mkwe, mjane anayejiheshimu, hakutaka mpita njia yeyote ajue watu wa kwake wanavaa nini ndani.

Mimi nimekulia mji wa Bendera. Baba yangu alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme, na mama yangu alikuwa na sheria moja tu ya kufua: nguo inayogusa ngozi iende juani, igeuzwe pande zote, na siku jua likikosekana ipigwe pasi mpaka ndani ya mishono. Alikuwa anaogopa inzi. Kuna inzi mmoja mkubwa, wa rangi ya majani makavu, anayependa kivuli na nguo mbichi. Anataga mayai kwenye kitambaa na kwenda zake. Wewe unavaa, mayai yanapata joto la mwili, funza wadogo wanaingia ndani ya ngozi, na baada ya siku chache una majipu. Nilipokuwa mdogo nilimwona mtoto wa jirani akitolewa funza saba mgongoni. Kilio chake sijakisahau.

Basi wiki yangu ya kwanza ya ndoa nilifua zangu, nikazianika mbele, juani, nikaenda sokoni roho safi. Niliporudi nilizikuta juu ya kitanda changu, bado zinadondosha maji, zimekunjwa mara nne vizuri kabisa. Wakati wa kula mama mkwe akamweleza mwanawe, huku akitazama bukari, ugali wetu, kwamba kuna watu waliokulia mahali pasipo na majirani. Mume wangu alimeza tonge lake, akakumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Kila vita ilipoanza katika nyumba ile, mwalimu alikuwa na madaftari.

Nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kazi ndogo. Nilijiambia ngozi ni yangu, nitaitunza mwenyewe. Halafu nikajifungua mtoto wa kike.

Sitamsingizia mama mkwe wangu. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Alinikataza kugusa maji ya baridi, na nepi zote alizifua kwa mikono yake, kwa sabuni nyingi, zikawa nyeupe mpaka zinauma macho. Kisha akazipeleka wapi? Nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, kivulini. Aliogopa jicho la watu. Anayepita njiani akiona nepi anajua kuna mtoto mchanga, na si kila anayepita ana moyo mwema. Nilimweleza habari ya inzi, polepole, kwa adabu zote nilizofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Nimelea watoto saba kwenye ua huu,” akasema. “Saba. Hata mumoja hakutoka funza.”

Hilo ndilo lililonichemsha damu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilimuuliza mume wangu, akakiri: utoto wake wote nguo zake za ndani zilianikwa palepale, na hajui funza anafananaje.

Lakini mimi nilikuwa nimemwona yule mtoto wa jirani, na ngozi ya mwanangu sikuwa tayari kuifanyia majaribio. Nikaanza kupiga pasi kwa siri. Umeme unazaliwa kwetu Bendera, lakini ukifika hapa Kalemie, mji wa mume wangu, umekwisha kuchoka, kwa hiyo nilitumia pasi ya makaa ya mama mkwe. Nilitandika shati la mume wangu mezani, na chini ya shati nepi. Mama akipita nilikuwa napiga shati. Akitoka nilikuwa napiga nepi, mshono kwa mshono, mpaka moshi wa sabuni unapanda puani. Mume wangu hajawahi kupendeza kama miezi ile. Walimu wenzake walimuuliza siri yake, naye akawaambia ameoa vizuri, ambayo nayo ilikuwa kweli.

Kilichoniangusha ni makaa. Gunia lilipungua kuliko kawaida, na mama mkwe anajua gunia lake linaisha lini. Alisimama mlangoni siku moja, akainua shati, akaziona nepi. Alisubiri pasi ipoe, akaifungia kabatini, ufunguo akautia kwenye pindo la kikwembe chake. Akasema katika nyumba yake makaa ni ya kupikia.

Siku hiyo nililia, na nililia kwa hasira. Halafu nikafuta macho, nikatafuta njia. Nilichukua sufuria ndogo tupu, nikaiosha kitako mpaka kikang'aa, nikaipasha moto, nikaipitisha juu ya kila nepi mama alipokwenda kwenye misa au sokoni. Niliungua vidole viwili. Kila nilipomwogesha mtoto nilipapasa mgongo, mapaja, makalio, nikitafuta uvimbe hata wa kichwa cha sindano. Kila siku sikukuta kitu.

Masika yakaingia. Jua likawa la kuomba, na chini ya mparachichi hakukauki kitu kwa siku mbili. Ndipo nilipomwona mama mkwe anakaa upande. Mezani upande. Kanisani alisimama hata pale watu wote walipokaa, nao wakadhani ni ibada. Alisema mgongo unamsumbua. Siku ya nne aliniita chumbani kwake, sauti ya chini, na macho yake yakiwa ukutani.

“Funga mulango,” akasema. “Na mutoto wangu, bwana yako, asijue.”

Kwetu mkwe hamwoni mama mkwe wake bila nguo. Si jambo la mchezo, ni aibu ya kuwatosha wote wawili mpaka kufa. Lakini binti zake wote wameolewa mbali, mmoja Kongolo, mwingine Pepa, na mahali penyewe hapaonyeshwi mwana wa kiume. Alilala kifudifudi, akajifunika uso na mto, akafungua kikwembe. Niliona majipu matatu mekundu upande wa kushoto wa makalio, kila moja na kitundu kidogo katikati kinachochezacheza. Yee, nilijua pale pale. Moyo wangu ulipiga vigelegele, na mdomo wangu ukasema pole, mama.

Nilipaka mafuta ya mgando juu ya kila kitundu, mazito, ili wakose hewa. Tukasubiri, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, yeye anapumua ndani ya mto. Kisha nikabana kwa vidole gumba viwili, na wa kwanza akachomoka, mweupe, mnene kama punje ya wali. Nikamweka kwenye sahani. Wa pili. Wa tatu. Nilisafisha vidonda, nikamfunika vizuri, nikamsogezea sahani karibu na uso. Walikuwa bado wanajikunja.

Aliwahesabu kwa kidole. Nilingoja aseme ni jicho la watu. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima nyuma ya meno yangu, nimeyapanga. Lakini alipogeuka kwangu alikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwake, na alichouliza hakikuhusu makalio yake.

“Mutoto ana ngapi?”

“Hana hata mmoja, mama.”

“Namna gani? Nepi zake zilikuwa pamoja na zangu.”

Nikamwonyesha vidole vyangu viwili vilivyoungua. Nikamwambia habari ya sufuria, yote, hata ile ya kungoja aende misa. Alivishika vidole vile. Aka, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikujiandaa kwa hilo, na machozi yakanitoka.

Aliamka polepole, akafunga kikwembe, akatoka nyuma ya jiko nami nikamfuata. Akasimama mbele ya ua, akainua kichwa kuutazama mparachichi, matawi yake yamefunika jiko na nusu ya paa. Marehemu mume wake ndiye aliyeupanda.

“Wakati nililea ule wa mwisho, wa saba,” akasema, “huu muti ulikuwa unanifika hapa.” Akagusa goti lake. “Jua lilikuwa linapiga hapa siku muzima.”

Basi. Hakuwahi kusema uongo. Alichagua mahali penye jua na pa siri, akachagua vizuri, na mti ukakua juu ya kichwa chake kwa miaka yote hiyo bila yeye kuutazama. Lakini nilishinda, na nasema wazi kwamba nilishinda, kwa sababu mtoto wangu alikuwa na ngozi safi na funza walikuwa kwenye sahani. Jioni ile nilikuta pasi juu ya kitanda changu, mahali palepale alipowahi kuniwekea nguo mbichi, na ufunguo wa kabati uko juu yake.

Asubuhi jua lilitoka. Nilisikia maji yanamwagwa uani, na nilipotoka na beseni langu nilimkuta mama mkwe kwenye waya wa mbele. Alikuwa amekwisha kuanika nepi zote, zimegeuzwa, mishono nje. Baada ya nepi, zilifuata zake mwenyewe, pana, nne, moja ya maua mekundu, zinapepea mbele ya njia ya sokoni. Mwanamke mmoja jirani, ana karai la ndakala, dagaa wa ziwani, kichwani, alisimama akakodoa macho. Akauliza, sauti yenye kicheko, ni nani katika nyumba hii ameanika vile vitu hadharani.

“Ni vyangu,” mama mkwe akasema, wala hakugeuka. “Na wewe ukipata jipu lisilopona, usihangaike. Njoo hapa kwangu. Muke wa mutoto wangu anajua kuyatoa, na atakufundisha kuanika.”

Yule mama akashika njia yake. Mimi nikatoa zangu kwenye beseni, nikazikung'uta, nikazianika karibu na zake.