Watoto Mwishoni mwa Wimbo

Harufu ya baruti haitoki kwenye nguo kwa sabuni ya mche. Mama aliloweka, akafikicha mpaka vidole vikachubuka, akaanika shati juu ya ua wa miba, na jioni Baba akilivaa lilinuka vilevile, kiberiti na vumbi la mawe. Mimi niliipenda harufu ile. Hata leo nikipita mahali wanapolipua mwamba ili wapate kokoto, nasimama kama mjinga, na Sekenke yote inanijia: mteremko mrefu wa barabara, mawe meupe yaliyomwagwa kando ya mashimo ya zamani, alizeti zilizokauka zikiinamisha vichwa, na Baba anatoka kazini akitembea polepole huku kidole kikiwa sikioni, kana kwamba maji yameingia humo na anataka kuyatoa.

Baba alikuwa mlipuaji. Wenzake walichimba duara, maana ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao, na walipofika kwenye mwamba mgumu walimwita yeye. Alishuka peke yake, akatega baruti, akawasha utambi, akapanda mbio. Kazi hiyo aliianza ujanani, na hakuna aliyewahi kumwambia azibe masikio. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, kiangazi kilipoingia, masikio yakaanza kumlilia mchana kutwa. Tukimwita anageukia upande mwingine. Mama akampeleka hospitali ya misheni, na daktari akamwambia bila kuzunguka: ukikaa nyumbani utabaki na kidogo ulichonacho, ukirudi kulipua utapoteza chote. Baba akakaa nyumbani. Alikaa kama mtu aliyefungwa kamba. Alikwenda shambani, akarudi, akatazama upande wa machimboni, akasikia milipuko ya wengine kwa miguu zaidi kuliko kwa masikio, na kila wiki mwenye duara alimtumia mtu wa kumuuliza lini anarudi.

Sasa niwaeleze habari ya muziki, maana bila huo hamtanielewa. Zamani kabla sijazaliwa walikuja Wazungu wapima miamba, wakapiga mahema kiangazi kizima, na mmoja wao, aliyeitwa Bwana Ndevu na kijiji kizima, alipoondoka alimwachia Baba redio kaseti na kanda tatu. Zote zilikuwa za bendi moja ya roki. Jina la bendi hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo ikawa bendi ya Bwana Ndevu, basi. Kanda ya kwanza ilikuwa na wimbo mmoja tu upande mzima. Jamani, wimbo mmoja! Kinanda kinaanza peke yake kama mtu anayetafuta njia, dramu zinaingia, gitaa linalia, mwimbaji anaimba kidogo kisha anapotea, muziki unakwenda mbali huko na kurudi umebadilika kabisa, na mwishoni kila kitu kinashuka, kinakuwa laini, na kengele ndogo inagongwa mara tatu. Mama alisema ni kelele za mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Katekista alisema ni mashetani. Baba alisema mtu aliyetunga wimbo ule aliwahi kushuka duarani, asingeweza kuujua ule upweke kwa njia nyingine.

Mtu pekee aliyeweza kubishana naye kwa haki alikuwa Msengi, rafiki yake wa tangu kuchunga ng'ombe, ambaye mimi nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na damu moja. Msengi alizipenda zile kanda mbili za baadaye, ambamo bendi ilikuwa imempata mwimbaji mwingine na nyimbo zimekuwa fupi. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye vigoda mbele ya mlango wetu na kuanza. "Kaka, wimbo gani huo, unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo, bado haujaisha?" Baba anacheka mpaka anakohoa. "Wewe unataka wimbo wa kupangusia mdomo. Huyu mwimbaji wako wa pili anaimba kama mtu anayewahi basi." Wote wawili hawakujua neno hata moja lililoimbwa mle, lakini waligombana kama ndugu wanaogawana shamba, na wapita njia walisimama kuwasikiliza wao badala ya redio. Kama kuna furaha niliyoijua utotoni, ni ile.

Baada ya kukatazwa kulipua, Baba aliugeuza wimbo ule kipimo. Kila Jumapili aliinama, akaweka sikio lake zuri kwenye spika, akafumba macho, akausubiri mwisho. Akizisikia zile kengele tatu, anainua vidole vitatu tuone, na Mama anashusha pumzi. Wiki nyingine vikawa viwili. Halafu kimoja. Halafu ikaja Jumapili aliyoinuka bila kuinua kidole. "Kinanda nakisikia," alisema. "Gitaa nalisikia. Pale mwisho sipasikii tena. Ni kimya tu." Mama akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu. Msengi alizikopa zile kanda mbili alizozipenda akaondoka nazo.

Nisikilizeni sasa nilichokifanya, na msinihurumie. Jumamosi iliyofuata wazazi walikuwa shambani wakivuna alizeti, na wenzangu watatu wa kwaya ya watoto walikuja kwetu kufanya mazoezi. Sote tulikuwa na hamu moja, kusikia sauti zetu wenyewe zikitoka redioni. Redio ilikuwepo. Kanda iliyobaki ni ile moja tu. Baba alikuwa amevivunja vile vijino viwili vya plastiki juu ya kanda ili mtu asirekodi kitu, lakini mtoto gani wa siku zile hakujua dawa yake? Unatafuna karatasi ya daftari, unaziba matundu, unabonyeza. Nikajiuliza, nakumbuka kabisa nilivyojiuliza, nikiwa na karatasi mdomoni: nitafuta sehemu gani? Nikajijibu kwa akili yangu ya miaka kumi: pale mwisho. Si Baba mwenyewe amesema pale hapasikii tena? Kitu asichokisikia, akikikosa atapoteza nini? Nikasogeza mkanda mpaka pale muziki unaposhuka, nikabonyeza, nikaanza mimi, wenzangu wakaitikia, midomo yetu ikiwa karibu kuigusa redio. Tukajisikiliza mara moja, tukacheka, tukaona haya. Nilitoa zile karatasi, nikairudisha kanda mahali pake, na kufika jioni nilikuwa nimesahau.

Kesho yake Baba akainama kwenye spika. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Muziki ulipoanza kushuka ndipo nilipokumbuka. Sikuinuka. Nilimtazama tu. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama kawaida ya mtu anayetafuta kitu gizani, mara ukafunguka. Alishika redio kwa mikono yote miwili. "Watoto!" alipiga kelele. "Mama Naomi! Mle ndani kuna watoto wanaimba!" Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, lakini kwaya ilikuwa imekwisha, mkanda umefika mwisho na kitufe kimeruka kwa ile sauti ya kaa! Baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia kabla ya hapo. "Masikio yangu yanafunguka. Miaka yote sikuwahi kuwasikia hawa watoto. Nimelipua tangu kijana, nani ajuaye yaliziba lini? Leo yamefunguka!" Akavaa viatu akatoka mbio kumwita Msengi.

Hapo ndipo ningesema. Njia ya kwenda kwa Msengi ni fupi, lakini ilitosha kabisa kumwambia Mama. Badala yake niliogopa fimbo. Fimbo, jamani! Mama aliporudi jikoni nikaitoa kanda, nikaingiza kidole, nikauvuta mkanda wote nje, nikaukunja na kuukata kwa meno. Walipofika wawili wale, Baba akiwa mbele akihema, nikawaonyesha lile rundo jeusi na kusema redio imekula mkanda. Baba hata hakukasirika. Alikuwa na furaha ya kumtosha. Akamsimulia Msengi habari ya watoto, na Msengi akasikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kaka," alisema taratibu, "wimbo ule naujua. Nimeusikia kwa kulazimishwa nawe miaka yote hii. Hauna watoto."

"Wewe huusikilizi, wewe unasubiri uishe."

"Hauna watoto. Unataka kurudi kule, ndiyo maana unasikia unachotaka. Tafadhali usirudi. Nakuomba mbele ya shemeji."

Baba akamwambia ana wivu. Akamwambia mengine ambayo rafiki hamwambii rafiki. Msengi akanigeukia mimi. Alichuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa. "Naomi, mwanangu, wewe unausikia wimbo huu kila Jumapili. Masikio yako ni mazima. Sema kweli. Kuna watoto?" Mama aliacha kukoroga. Baba alinitazama, na usoni mwake kulikuwa na matumaini ya kutisha, matumaini ambayo mtoto hapaswi kushikishwa. Nikasema, "Wapo."

Msengi akainuka. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, akavaa kofia yake. Baba akamwambia asikanyage tena pale kwake, na Msengi akafanya alivyoambiwa. Jumatatu Baba alirudi duarani. Hakukuwa na ajali yoyote, niseme wazi, hakuna jiwe lililomwangukia. Ilikuwa kazi tu, mlipuko baada ya mlipuko, kama daktari alivyosema. Kabla alizeti hazijaisha kupigwa, asubuhi moja Mama aliangusha sufuria nyuma ya mgongo wake na hakugeuka. Akaiokota, akaiangusha tena kwa makusudi. Ndipo nilipomsikia Mama anapiga yowe, na Baba aliendelea kufunga kamba za viatu.

Mama amekufa bila kujua. Mimi nimesoma, nimeajiriwa, nakaa Singida mjini, nina simu yenye kila kitu. Miezi michache iliyopita kijana mmoja ofisini alikuwa anatazama video, na nyuma ya video ile kilisikika kinanda kinachotafuta njia. Nilimshika mkono mpaka akashtuka. Wimbo wote upo mtandaoni, safi, kama umerekodiwa jana. Chini yake kuna maoni ya wazee wa dunia nzima, na nikaomba msaada wa kamusi ya simu nikayasoma kwa saa nzima. Mmoja anasema bendi ilikufa siku mwimbaji wa kwanza alipoondoka. Mwingine anamjibu kwamba watu kama yeye hawajui muziki, nyimbo ndefu zilikuwa majivuno matupu. Wanatukanana, wanakumbushana vyumba vya ujana wao, wanawataja marehemu waliosikiliza nao. Baba na Msengi wamejaa mle, kila mstari. Tofauti ni kwamba wale bado wanajibizana. Nikasogeza mpaka mwisho. Muziki ukashuka, ukawa laini, kengele ikagonga mara tatu. Hakuna aliyetaja watoto, na watatajwa vipi?

Niliandika karatasi kwa herufi kubwa, maana Baba husoma, ndivyo tunavyozungumza naye: "Baba, wale watoto tulikuwa sisi. Mimi ndiye niliyeufuta wimbo. Masikio yako hayakuwa yamefunguka. Msengi alisema kweli." Nikaikunja, nikapanda basi la kwenda Nzega, nikashuka Sekenke. Nilimkuta kwenye kigoda kilekile mbele ya mlango. Nikampa shikamoo kwa kumshika mikono, nikatoa daftari na kuandika kwamba nimeupata wimbo wa Bwana Ndevu. Mzee huyo, sijui nimweleze vipi. Alivua kofia. Nikaweka simu kwenye kiganja chake ili aupokee mtetemo, nikaufungulia, na yeye akaifunika kwa kiganja cha pili, akafumba macho. Niliona nimwache kwanza auhisi, karatasi itafuata. Ile karatasi nilikuwa nimeishika.

Muziki ulianza kushuka. Mtetemo lazima ulikuwa umefifia, kwa sababu alifumbua macho na kuniangalia mdomoni. "Wameanza?" aliuliza kwa ile sauti yake kubwa ya asiyejisikia. "Wale watoto. Wameanza?"

Kengele iligonga. Nilihesabu zote tatu. Nilikuwa mama mtu mzima, hakuna fimbo popote duniani iliyokuwa ikinisubiri. Nikachukua kalamu, nikageuza ile karatasi upande usioandikwa, na nikaandika: "Wameanza."

Alitabasamu, akatikisa kichwa taratibu mpaka simu ilipozima kioo chake. Kisha akanirudishia, akapangusa macho kwa ukosi wa shati, na kunyoosha mkono kuelekea bati la nyumba ya Msengi, linaloonekana vizuri kutoka mlangoni petu. Msengi yupo, mzima wa afya, masikio yake hayana tatizo lolote.

"Nenda kamwite," Baba alisema. "Aje awasikie mwenyewe. Na umwambie nimemsamehe."