Mwalimu wa Wanaoachana

Majirani zangu walicheka mpaka wakashika mbavu waliposikia ninakwenda kujifunza kusuluhisha wanandoa. Siwalaumu. Mimi na mume wangu tuliachana kule Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, miezi michache baada ya kushuka kwenye mashua iliyotuleta kutoka Kongo, na tuliachana kwa kelele zilizowaamsha watu wa mahema ya jirani. Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Hilo ninalijua kabla hujaniambia.

Aliyenichagua alikuwa mama mmoja wa Kibemba hapa Nchelenge, mji wa kando ya ziwa. Sote tulimwita bamayo, mama, kwa heshima. Kwa miaka mingi alikuwa nachimbusa, mwanamke anayewafunda mabibi arusi, na sasa alikuwa anakaa na wale wale aliowafunda, siku wanapotaka kuachana, ili waachane bila kuwaumiza watoto. Watu walimtania kwamba anawaoza asubuhi na kuwaachanisha jioni. Alicheka nao na kuendelea na safari yake. Alihitaji mtu wa kukaa na Wakongomani wenzangu, maana Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni, kwa wachuuzi wa samaki.

"Unajua kunyamaza?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, bamayo."

"Bon, sawa. Tutaanzia pale."

Kwanza watu wa kanisa lililosimamia kazi yake walinipeleka semina ya wiki mbili. Tulipewa kitabu kinene, nami nikakipenda kupita kiasi, kwa sababu kilikuwa na jibu la kila swali. Nilikifunika kwa kitambaa cha kitenge kisichafuke. Baada ya semina nilikabidhiwa kwa bamayo, nikae pembeni yake nione kazi inavyofanywa.

Alifanyia kazi katika darasa la chekechea, watoto wakishatawanyika. Kanisa lilikuwa na viti vikubwa na wangempa, lakini hakuvitaka. Aliwakalisha wazazi kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kifuani, picha za bata na embe zikiwatazama ukutani. Niliwahi kumwona mfanyabiashara mwenye saa ya dhahabu akihangaika kupata pozi la kiburi kwenye kiti kile. Alihangaika wee, mwishowe akakaa kama sisi wengine. Bamayo mwenyewe alikaa kwenye kiti hicho hicho, na miguu yake ilikuwa mibovu, kuinuka mpaka nimshike mkono.

Alikuwa na sharti moja. Kabla mtu hajataja kosa la mwenzake, kila mzazi alipaswa kueleza siku ya mtoto, tangu anapoamka mpaka anapolala, na mwenzake anyamaze. Basi. Nilimwona bwana mmoja aliyekuja na makosa ya mkewe yameandikwa kwenye karatasi, kurasa mbili. Alipofika kwenye chakula cha mchana cha mwanawe, karatasi ilimdondoka na hakuiokota. Niliporudi nyumbani jioni ile nilijiuliza bamayo alikuwa wapi sisi tulipokuwa tunatukanana kwenye hema. Nilimwonea wivu kila aliyekaa mbele yake.

Mwezi wa saba akaniambia niongoze mimi. Walikuwa Wakongomani wenzangu. Mume alikuwa mvuvi wa Chisenga, analala kambi ya wavuvi kisiwani wiki hata tatu bila kurudi. Mke alikuwa anauza vitenge sokoni. Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Kuachana walikuwa wamekwisha kubaliana, hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Mke alitaka kurudi Pweto, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kwa mama yake, aende na mtoto. Mume aliogopa kwamba binti akienda huko atamsahau.

Nitasema ukweli. Nilikuwa upande wa yule mama kabla hajakaa. Mabega ya yule bwana yalinikumbusha mabega ninayoyajua, na hilo lilinitosha.

"Baba, utuelezee siku ya mutoto," nikamwambia. "Jana, tangu asubuhi."

Alitazama mikono yake. "Jana nilikuwa ku kambi."

"Na juzi?"

"Ku kambi."

"Ku masomo, mwalimu wake ni nani?"

"Sijue, mama."

Mama mtu akaeleza kila kitu, mpaka mguu ambao binti huanza kuuvalisha kiatu. Nikaona kazi imekwisha. Nikaandika kama kitabu kilivyosema: mtoto akae na mama, baba amtembelee Jumamosi moja kila wiki mbili. Nikawasomea kwa sauti, nikamgeukia bamayo nipate sifa zangu.

Bamayo alikuwa anamenya karanga kwenye mapaja yake. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama yule mke. Nilipofungua mdomo niongeze neno, alinikanyaga mguu, na hakuuondoa mguu wake. Tukakaa hivyo.

Yule mke ndiye aliyelipuka.

"Mama, ile uliandika haiko muzuri! Juu ya nini unamuuliza ya jana? Jana ziwa iko wazi. Mwanaume wa kuloba samaki, utamukuta ku nyumba mwezi wa saba? Umuulize ya wakati wanafunga ziwa! Umuulize nani anamusukaka mutoto nywele!"

Nilitamani ardhi inimeze. Kila Desemba ziwa letu hufungwa, kuvua ni marufuku mpaka Februari iishe ili samaki wazaane, na wanaume hurudi kutoka visiwani kukaa nyumbani. Hata mtoto wa hapa anajua. Mimi ninaishi hapa, na nilisahau, kwa sababu kitabu changu hakikuwa na ziwa.

Mume alitazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu wa kambini anaweza kumsikia. Kisha akasema taratibu, "Ni mimi."

Mama wa mtoto huenda sokoni, alisema, na yeye na binti hubaki wawili. Humweka katikati ya magoti, hulowesha nywele, huanzia kisogoni kwa sababu akianzia mbele binti hulia. Binti humsimulia habari za mwaka mzima. Husinzia kabla kichwa hakijaisha, naye baba humalizia kusuka binti akiwa amelala.

"Mimi hanikubali," mke akasema. "Ziwa likifunguliwa, namunyolaka tu. Mwezi wa kumi njo naanza kuacha nywele ziote, juu baba yake akuje akute ya kusuka."

Nilishindwa kuwatazama. Mwanamke anamwacha mwanaume huyu, amechoka naye, na kila mwezi wa kumi alikuwa anamtunzia nywele. Sijawahi kumwonea mtu heshima kama niliyomwonea yule muuza vitenge siku ile. Mimi nisingeweza. Angekuwa mume wangu, ningemnyoa binti kipara mwezi wa kumi na moja, makusudi.

Bamayo akaacha karanga zake. Ndipo akasema neno lake la kwanza tangu tukae.

"Na kule Pweto, mama, nani atasuka?"

"Mama yangu iko kule," mke akasema. "Nilikuwa nataka kulala kwa mama yangu. Nilichoka."

"Najua, mukwai," bamayo akamwambia kwa adabu ya Kibemba, na hakuongeza kitu. Mimi ningeongeza mambo kumi.

Yule mke alifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Akaninyooshea kidole, mimi na kalamu yangu.

"Futa ile ya Jumamosi. Andika hivi. Ziwa likifungwa, mutoto anakaa kwa baba yake. Likifunguliwa, anakaa kwangu. Masomo yake iko hapa, donc mimi siendi Pweto. Nitatafuta chumba hapa hapa Nchelenge."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Mume akafunika uso kwa mikono na kulia kwa sauti, kwenye kile kiti kidogo. Mke hakumbembeleza, wala hakuondoka. Alikaa tu akimngoja amalize, kisha akampa kalamu aanze yeye kutia sahihi.