Maji Aliyokunywa Mgeni

Nakumbuka siku moja, na kila nikiikumbuka damu bado inanichemka. Nilikuwa msichana. Kijiji kilikuwa kinajenga ghala la mtama, na vijana walishuka korongoni na mikokoteni ya ng'ombe kuchota mchanga. Wakamkuta shangazi yangu Sechelela ameketi ndani ya shimo lake la maji, miguu kainyoosha, kata ya kibuyu iko mapajani. Wakamwamkia kwa adabu, wakamwomba asogee. Hakusogea.

Mimi nikaona aibu. Wale vijana nilitaka wanione mtu wa maana, si mpwa wa mwanamke mbishi. Nikamshika mkono nikamwambia, "Shangazi, si mchanga tu huu? Mvua zikija utajaa tena."

Mwanangu, shangazi alikuwa mpole, lakini siku ile alinivuta mpaka nikapiga magoti. Akanipeleka mahali ambapo mchanga ulikwisha kuchotwa mpaka mwamba ukaonekana, akaniambia nichimbe. Nichimbe nini? Mwamba? Kisha akanirudisha kwenye shimo lake. Nikakwangua kidogo tu kwa kiganja, maji yakaja.

"Huu mchanga ndio mtungi wetu," akasema. "Maji ya masika yanajificha humu ili jua lisiyanywe. Sasa wewe unataka kuugawa mtungi. Kiangazi utateka maji kwa makalio?"

Vijana walicheka, lakini waligeuza ng'ombe wakaenda kuchota mbali, kule chini ya vilima, ambako hakuna aliyekuwa anateka maji. Ghala lilijengwa vilevile. Hakuna aliyekufa kwa kutembea.

Nakueleza haya kwa sababu nina hasira na wewe. Ndiyo, wewe, mtoto wa jirani yangu. Kaa hapo usikie, usitazame hiyo simu.

Hii shule mpya tumeililia miaka mingi. Wajukuu zangu wanaamka kungali giza kwenda kusoma kijiji cha pili, na masika korongo likijaa hawavuki, wanashinda nyumbani wakikimbizana na mbuzi. Nani anaitaka shule hii kuliko mimi? Basi tukakubaliwa, na akatumwa binti mmoja mtaalamu wa mazingira kutoka Dodoma mjini, aje aangalie ujenzi utaharibu nini kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mwenyekiti wetu akawahi kutukusanya. Akasema, huyo binti akiuliza habari za korongo, semeni ni kavu, hakuna anayelitumia. Mchanga wa pale uko karibu, kazi itaisha upesi. Mkianza kulalamika, shule itapelekwa kwingine. Na nyinyi vijana mkaitikia kama kwaya.

Binti akaja. Akatuamkia wazee mmoja mmoja, mtoto aliyelelewa. Na kwa kuwa kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu, akaletewa maji kwenye kikombe. Akauliza bila kuzunguka, "Wazee wangu, kule mtakakochota mchanga, kuna watu wanaoteka maji?"

Watu wazima, wenye wajukuu, wameinamia vidole vya miguu. Kisha wewe, mwanangu, ukasimama ukijichekesha. "Aa, dada, kule ni kukavu kabisa. Wanapita mbuzi tu." Ukapigiwa makofi. Na yule binti akanywa maji.

Uliyaona maji yale? Mama yako ndiye aliyeyateka asubuhi ile. Maji hayo ndiyo uliyoogeshwa siku uliyozaliwa, na ugali uliokukuza ulisongwa kwa hayo hayo. Unamnywesha mgeni maji ya korongo huku unamwambia korongo ni kavu! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikwisha simama.

"Binti yangu," nikasema, "hayo unayokunywa yametoka humo humo."

"Bibi, kaa chini," mwenyekiti akanikatiza. "Unatunyima shule."

Sikukaa. Binti akaweka kikombe chini, akasema, "Bibi, naomba unipeleke." Nikampeleka na magoti yangu haya mabovu. Nikainama palepale alipokuwa akikaa Sechelela, nikakwangua kwa kiganja, maji yakaja. Binti akayagusa. Akaniambia, "Mimi sikuja kuihamisha shule, bibi. Nimekuja kujua mchanga utoke wapi ili msije mkajuta." Umesikia? Alikuja na swali zuri, sisi ndio tuliokuwa na jibu bovu. Akashauri mchanga uletwe kutoka kule kule chini ya vilima. Ndipo ikabidi litafutwe lori, na ujenzi ukasogezwa mbele.

Tangu siku hiyo mimi ni mchawi. Ati nimeiroga shule. Mnapita mlangoni kwangu mmegeuza shingo. Juzi gulioni uliniona, ukajifanya unachagua nyanya, wewe ambaye hujawahi kununua hata kitunguu. Na asubuhi nikienda korongoni, nawakuta hao hao wanaoninunia wamepanga ndoo, wanasubiri zamu. Inaniuma, mwanangu. Sikufichi, inaniuma sana.

Basi sikia. Mtu akikuuliza kile unachokipenda kitaharibu nini, mwambie yote, hata kama unakitaka mpaka unakiota. Usimdanganye aliyekuja kukukinga. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humuumbua. Ungepata madarasa yako upesi, sawa, na bati jipya linalong'aa. Halafu mwalimu akimtuma mtoto wako akateke maji, angekwenda kuyateka wapi? Mwenyekiti unaweza kumpigia makofi akafurahi. Kiangazi hakipigiwi makofi. Jenga, mwanangu, jenga hata shule mbili, lakini kabla hujachota kitu uliza nani anaishi kwa kitu hicho. Na ukiulizwa wewe, jibu kama mtu aliyekunywa maji yake.

Sikulaani. Hasira yangu ni ya mzazi, haina sumu. Mungu akujalie watoto wakae darasani kwenye kivuli, na wakitoka na kiu wakute maji. Mvua ikufikie kwa wakati wake, mtama wako ukomae, na ulimi wako usikuponze tena. Na kesho asubuhi tukikutana korongoni, weka kwanza ndoo chini, unipe shikamoo yangu.