Diski Safi Iliyorudi na Asante

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya, Mlutheri wa Iringa hasa, aliyehamia Mbeya kwa sababu mimi nilikuwa na duka la kuchapa barua pale Ilomba na kompyuta moja ndani yake. Alipougua, mkono ulianza kutetemeka, akashindwa kuandika nota kwa kalamu. Akawa anakuja dukani mchana wateja wakipungua, anachapa do-re-mi zake kwa kidole kimoja, sauti nne, mstari juu ya mstari. Alimaliza wimbo mmoja kwa namna hiyo. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha, tukasema wimbo tutautoa kwenye karatasi utepe mwingine ukifika kutoka Dar. Ulifika baada ya mazishi.

Watu walisema nina roho ngumu. Sikuwa na roho ngumu, nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya kwenye benchi la kanisa. Nilikula, nililala, nilifungua duka. Kwaya ya kijijini kwake ilipoomba wauimbe ule wimbo siku ya kusimika msalaba kaburini, nikasema sawa. Hilo ndilo jambo pekee nililolitaka mwaka ule. Hakuna aliyeujua. Mimi nilimsikia akiuimba chinichini huku anachapa, lakini sauti yangu ni ya kufukuzia kuku, na kichwa changu hakishiki wimbo. Ulikuwa kwenye diski yake na kwenye nakala moja niliyomtengenezea, basi.

Miaka ile ya tisini virusi vya kompyuta vilisafiri kwa diski. Mtu anatoka Chunya na ripoti yake ya tumbaku, anaiingiza kwenye mashine yako, na kesho kutwa mashine inaanza kubwata herufi zisizosomeka. Dawa yake niliijua vizuri. Unazima kompyuta kabisa, si ile ya kubonyeza vitufe vitatu ikajiwasha yenyewe, maana kirusi hubaki humo kinakusubiri. Unaiwasha upya kwa diski safi, diski ambayo haijawahi kuchafuliwa, yenye programu ya kusafisha ndani. Na diski hiyo iwe imefungwa. Kwenye kona yake pana kidirisha kidogo: kikionesha tundu, mashine inaweza kuisoma lakini haiwezi kuandika chochote juu yake. Kikizibwa, diski imefunguliwa, na chochote kinaingia. Niliwaeleza hivyo wateja wengi, wengi wao wakitazama saa.

Mimi nilikuwa na diski safi moja. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa mpiga chapa wa shule moja Iringa. Akanipigia simu ya ofisini kwao.

"Kamwene, wifi. Hii kompyuta yetu imeugua. Mkuu wa shule ananiangalia mimi kama ndiyo nimeiambukiza."

Nikamtumia diski kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha, na maelezo yote. Baada ya siku chache akapiga tena, anacheka, mashine imepona. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa kiasi nilichoweza kufurahi wakati ule.

Sasa, kwa watu wa mume wangu, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nilifundishwa hilo na mama mkwe wiki ile ile niliyoolewa, nilipotaka kurudisha sahani iliyooshwa ikang'aa. Akaichukua mkononi mwangu, akaweka maharage, akanirudishia bila neno. Hata kama huna kitu, unaweka chumvi. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzio kwamba alichokupa hakikukugusa.

Wifi yangu ni mtu aliyelelewa vizuri.

Diski ilirudi katika bahasha ile ile. Nikaitoa mchana mmoja, siku chache kabla ya safari ya kwenda kusimika msalaba, nikataka kwanza niisafishe mashine yangu ndipo nitoe wimbo kwenye karatasi. Nilitaka kuwa mwangalifu. Nikazima, nikasubiri, nikawasha kwa diski safi. Programu ikasema hakuna kitu. Nikaingiza diski ya mume wangu. Mashine ikakoroma, na pale palipokuwa na majina ya mafaili pakaja takataka: nyuso zinazocheka, mioyo, alama za karata. Nikafikiri ni diski imechakaa. Nikaingiza nakala, maana ndivyo mtu yeyote anavyofanya. Nayo ikawa hivyo hivyo.

Ndipo nikaitoa diski safi, nikatazama kona yake. Kidirisha kilikuwa kimezibwa.

Niliipeleka kwa mwenzangu mwenye duka mjini, aliyekuwa na programu mpya kuliko yangu. Akakiona kirusi mara moja, aina ambayo dawa yangu ya zamani haikuijua. Hiki kilipenda kujiandika pale pale diski inapoweka majina ya mafaili, na kwenye diski mbili za mume wangu hakukuwa na cha kuokoa. Kwenye diski yangu tulikuta pia faili moja geni, linaitwa ASANTE. Alilisafisha, tukalifungua. Lilikuwa wimbo wa kwanza kabisa wa mume wangu, ule ambao kila kwaya ya huko inauimba mpaka watoto wanaujua. Wifi alikuwa ameuchapa wote, sauti zote nne, kwa uangalifu mkubwa, na ili kuuandika alikiziba kidirisha, kirusi cha shuleni kikaingia nao. Chini aliandika: kwa wifi yangu, usikae peke yako.

Nilisubiri kulia. Nikasikia njaa, nikaenda kununua chipsi.

Jioni nikampigia. Nikamwambia wimbo umepotea, kompyuta imeula.

Akauliza, "Kompyuta ya nani? Ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Sasa wifi, si wewe ndiye unayejua mambo haya?"

"Ndiyo," nikasema. "Zawadi yako nimeiona. Asante."

Siku ya msalaba kulikuwa na ubaridi na upepo wa kule. Kwaya iliimba ule wimbo wa zamani, vizuri sana. Niliutazama msalaba, nikauona umepakwa rangi vizuri, basi. Baadaye tulikuwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba, wanawake wa ukoo wote, na mazungumzo yakafika pale pale: wimbo wa mwisho uko wapi. Wakanitazama. Shangazi mmoja akaguna, akasema watu wa Mbeya na mashine zao.

Wifi akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akanishika mikono yangu miwili mbele yao wote, na machozi yanamtoka.

"Mwacheni. Hakukusudia," akasema. "Wifi, mimi nimekusamehe. Na kaka angekusamehe."

Mikono yake ilikuwa na joto. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuhisi mkono wa mtu, nikaona nikisema neno moja tu juu ya kile kidirisha atauondoa, na hatalala kwa amani tena maishani.

"Asante, wifi," nikasema.