Kilio cha Mama Kilichopewa Tuzo

Mpaka leo, mtu akinitajia tuzo ya muziki bora wa filamu, roho inanichafuka. Wenzangu wa kwaya wanajua, hawanitajii tena.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kamunyonge. Zilipoanzishwa tuzo za filamu za vijana wa mkoa wetu, waandaaji walinifuata niwe jaji wa muziki kwa kuwa nasoma nota. Tulikuwa watatu: mimi, mtangazaji wa redio aliyezoea kusikilizwa, na bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni ambaye kila hoja aliifungua kwa neno "kitaalamu". Tulikaa kwenye ukumbi wa shule mjini Musoma, mapazia yamefungwa, tukatazama filamu mchana kutwa.

Tulibishana kwelikweli, na mwanzoni nilifurahia. Filamu nyingi zilikuwa na kinanda kinacholia kwa huzuni hata mtu anapofungua mlango tu aingie jikoni. Nikasema huo si muziki wa filamu, ni kelele za kuziba kimya. Mtangazaji akasema watu wanaupenda. Nikamjibu kwamba watu wanapenda na sukari, lakini hatuimwagi kwenye samaki. Mimi nilikuwa naitetea filamu ya vijana wa vijiji vya ziwani. Muziki wake wote ulikuwa wanawake wakiimba huku wakigeuza dagaa juani, basi. Bwana wa utamaduni akasema kitaalamu wimbo wa kazi hauna mtunzi, kwa hiyo haushindanishwi.

Kisha ikaja filamu ya Bunda. Wapenzi wanakutana kwenye shamba la pamba, wanakimbiliana, wanakumbatiana. Hapo ikaingia sauti ya mwanamke peke yake, halafu ngoma chini yake. Mtangazaji akafumba macho. Mimi nikasimama, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mama yangu, na alikuwa anamlilia baba. Kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo majaji wenzangu hawaielewi, alikuwa anamuuliza marehemu ni nani sasa atafungua zizi asubuhi.

Nilijua mara moja ilivyofika pale. Siku hizi ukizika bila video watu wanasema hukumpenda marehemu, kwa hiyo kwenye msiba wa baba kule Butiama tulikodi mpiga video kutoka Bunda. Ndiye huyohuyo aliyeandikwa kwenye filamu kuwa mtunzi wa muziki.

Kwenye ukoo wetu mjane hutunga kilio chake mwenyewe. Anakiimba tangu jeneza linapoingia uani mpaka siku ya kuanua matanga. Baada ya hapo hakirudii, maana kukirudia ni kuita msiba mwingine ndani ya nyumba. Binti mkubwa ndiye anayekishika kichwani na kukitunza kimya, ili siku ya mama yake amlilie kwa kilio hichohicho. Binti mkubwa ni mimi.

"Huyu ni mama yangu," nikawaambia. "Hapo amefiwa."

Mpiga video akaitwa. Akaja na suti ya buluu. "Mimi nimerekodi studio kwangu," akasema. "Kuna mama mmoja alikuwaga anakuja kuniimbia."

Sisi tulikuwa na nakala ya video ya msiba, lakini haikutusaidia. Sehemu ya vilio alikuwa ameifunika yote kwa nyimbo za injili, kama wafanyavyo wapiga video wote. Kilio chenyewe, kikiwa kitupu, alibaki nacho yeye.

"Basi mwalimu, mlete mama yako aimbe mbele yetu," akasema bwana wa utamaduni. "Kitaalamu tutalinganisha sauti."

Nikaenda Butiama. Nilimkuta mama uani anamenya mihogo, nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kuacha kumenya.

"Ni mara moja tu, mama. Mbele ya watu watatu."

"Nimlilie nani?" akaniuliza. "Baba yako nilishamaliza kumlilia. Mmebaki nyie watoto. Unataka nikulilie wewe?"

"Mama, yule mtu ni mwizi."

"Najua. Mwache akae nacho. Sisi tulikuwaga tunalia, hatukuwa tunashindana."

Nilimkasirikia, nasema wazi. Nilirudi Musoma nimenuna, nikiwaza kwamba duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyekatazwa kuimba kilio kile, naye ndiye mwenyewe. Majaji wenzangu waliposikia mama haji, walitazamana. Wakasema nina maslahi binafsi, wakaniomba nikae pembeni, wakapiga kura wawili.

Filamu ya Bunda ikapata tuzo. Jukwaani mtangazaji akasema muziki ule unaeleza furaha ya mapenzi kuliko maneno. Wanawake wa dagaa wakapewa cheti cha kushiriki, kwa kuwa wimbo wao hauna mtunzi. Kilio cha mama kilikuwa na mtunzi, yule mpiga video, kashika tuzo yake anapigwa picha.

Baada ya hapo kilisambaa. Maharusi walikuwa wanaingilia ukumbini kwa kilio kile, kamati nzima inacheza, watu wanatupa pesa. Mama alihudhuria harusi moja ya jirani, akasikia, akachukua kanga yake akarudi nyumbani. Hakwenda harusi nyingine tena, na mimi sikumuuliza.

Amefariki mwaka huu, baada ya mvua za masika. Jeneza lilipoingia uani nikasimama mbele kama inavyonipasa. Sikuwa na wasiwasi, kilio nilikuwa nimekitunza miaka yote hiyo sijakigusa hata bafuni. Nikafungua mdomo, nikamwita mama, nikamuuliza ni nani sasa atafungua zizi asubuhi.

Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wameinua simu wanarekodi. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti:

"Si ule wa kwenye filamu?"

"Ndio wenyewe," mwenzake akajibu. "Jamani, hata msiba wa mama yake? Si angetunga wa kwake."