Msindikizaji wa Kalundu Abaki Bila Abiria

Asubuhi katika bandari ya Kalundu, kusini kidogo mwa mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, Candide Irambona anasimama mbele ya ubao wa kupandia meli na kuwazuia abiria wake watatu.

"Saa mbele," anawaambia. "Ng'ambo wametutangulia saa nzima. Mugeuze sasa, musingoje Kigoma."

Honorine, mfanyabiashara wa vitenge, anacheka. "Mama Candide, telefone iko na akili kuliko weye. Itajigeuza yenyewe."

"Igeuze, mwanangu. Kama iko na akili, haitakasirika."

Honorine anaigeuza.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mjane huyu wa mtaa wa Rugenge amekuwa akiwasindikiza watu wa Uvira na bonde la Ruzizi hadi Dar es Salaam: meli mpaka Kigoma, kisha treni. Wachuuzi na wagonjwa walimlipa awakatie tiketi dirishani, awaketishe behewa moja, awaonyeshe pa kushukia. Aliwahi kuongoza watu thelathini kwa safari moja. Mwezi huu anao hawa watatu tu, nao wanaishia Kigoma.

Tiketi sasa hununuliwa kwa simu. Kuanzia Dodoma, treni mpya ya umeme humaliza kwa saa chache mwendo uliokuwa ukila usiku kucha. Getini, mashine husoma tiketi ya kila abiria na kumfungulia yeye peke yake.

Candide haulaumu utaratibu huu mpya. "Zamani tulilala mbele ya dirisha, tukisukumana na walanguzi," anasema. "Hiyo imeisha, na ni vizuri."

Kinachomuumiza ni safari ya Belyse.

Belyse na mumewe, Gaspard Ndihokubwayo, walilima mpunga Kiringye, katika bonde la Ruzizi. Msimu wa mvua uliopita, figo za Belyse zilipozidi kudhoofika, aliandikiwa aende kutibiwa Dar es Salaam. Candide alipopata habari, alikwenda kwao kuomba awasindikize. Gaspard alimwonyesha simu.

"Nilimwambia, Mama, tiketi iko humu, fasi ya kukaa iko humu. Weye utatufanyia nini tena?" anasimulia Gaspard. "Akasema tu, mugeuze saa. Nikaona anatafuta kazi."

Kigoma, laini yake ya Kongo haikushika mtandao, na simu ikabaki na saa ya Uvira. Asubuhi ya safari walitoka nyumba ya wageni bila haraka, wakiamini muda upo. Walipofika stesheni, behewa la mwisho lilikuwa linatoka.

Treni nyingine ilikuwa ya siku kadhaa mbele. Belyse alifariki kabla haijaondoka.

Hakuna daktari aliyesema kwamba angepona kama angeiwahi ile ya kwanza, na Gaspard hadai hivyo. Anachojua ni kwamba alimpigia Candide kwa simu ya kuazima, naye akaja kwa meli iliyofuata, akashughulikia karatasi za mpakani, akarudi Kalundu pamoja naye na sanduku lenye mwili wa Belyse.

"Hakuniomba hata nauli," anasema Gaspard. "Na lile neno la saa hakulirudia kamwe."

Msiba huo haukumrudishia Candide wateja. Wanaokwenda Dar es Salaam wanaendelea kwenda bila yeye, na kwa sababu hiyo treni ya umeme yenyewe hajawahi kuipanda.

"Siwezi kupeleka muntu fasi minye mwenyewe sijafika," anasema.

Anataka aone mageti hayo, ajue namna ya kubadilisha treni Dodoma, na mahali ambapo mgonjwa anaweza kujinyoosha akisubiri. Kisha arudi Kalundu, awaeleze wagonjwa kabla hawajapanda meli, wamlipe au wasimlipe.

Wiki iliyopita alikwenda kwa Jeancy, mwenye kibanda cha kukatia watu tiketi kwa simu huko Rugenge. Jeancy alifurahi kumwona.

"Safari hii unapeleka batu bangapi, Mama?"

Candide alimpa kitambulisho chake.

"Mumoja," alisema. "Ni minye."